Asiyepokelewa Haondoki

Jua lilikuwa linazama Fundi, dada anayeshughulikia kompyuta za hospitali, alipofika getini, chupa ya chai mkono mmoja, shuka safi mkono wa pili. Hakuja kazini. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, na alikuja kama wanavyokuja watu wote hospitali jioni: kumwona mgonjwa. Mdogo wake alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, mimba imetimiza miezi yake, na mama yao alikuwa kando ya kitanda tangu asubuhi, hali, hanywi, anaomba Mungu tu.

Pale getini walinzi wawili walikuwa wanabadilishana zamu.

"Nakukabidhi geti," alisema wa kwanza.

"Nimepokea," akajibu wa pili. Ndipo yule wa kwanza akachukua mwavuli wake akaenda zake.

Msicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya hospitali ile. Aliiweka matroni wa kwanza kabisa, mwanamke mkali kama pilipili. Yeye alikufa, sheria haikufa. Asiyepokelewa haondoki. Uwe nesi, mpishi, dereva au mhudumu wa chumba cha maiti, huvui koti mpaka mwenzako atamke kwa kinywa chake kwamba amepokea. Hata mtoto mchanga hapitishwi mkono kwa mkono kimya kimya. Anayempa aseme, anayempokea ajibu. Kuna mlinzi aliwahi kukesha siku mbili kwa sababu mwenzake alilala kwao akajisahau. Mpaka leo wanamtania.

Mtu mmoja tu hakupokelewa.

Huyo alikuwa Mzee Taratibu, fundi wa kompyuta aliyekuwapo kabla ya Fundi, ndiye aliyemfundisha kazi. Chumba cha seva, zile kompyuta kuu za hospitali, kule mwisho wa korido ya chini, jirani na dobi, kilikuwa ufalme wake. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Alilipaka dawa ya kuchua mpaka korido nzima ikanuka, na ulimsikia kabla hujamwona: tap... kwaruu. Tap... kwaruu. Ukimharakisha, jibu lake lilikuwa moja tu: "Taratibu." Asubuhi moja walimkuta ameketi kitini pake, vidole juu ya kibodi, ameshapoa. Alikuwa amekesha peke yake, na hakuna aliyemwambia nimepokea.

Walimzika, wakalia, wakarudi kazini. Lakini jina lake kwenye mashine hawakuligusa. Kanzidata ya hospitali, yaani lile ghala lenye habari za kila mgonjwa, Mzee Taratibu alikuwa ameisajili kwa jina lake mwenyewe. Iliamka kwa jina lake, ikafanya kazi kwa jina lake. Nani ajisumbue? Kitu kinachokwenda hakiguswi. Mafundi wakaugeuza utani: marehemu hakosi kazini, tena haombi likizo.

Fundi naye alicheka. Tena sana.

Alipoingia wodini, kitanda cha mdogo wake kilikuwa kitupu.

"Wamempeleka upande wa upasuaji," mama yake alisema. "Presha imepanda ghafla. Wanataka kumtoa mtoto sasa hivi. Lakini hawamtoi! Wamesimama tu!"

Daktari wa usingizi alitoka na kofia yake ya kijani, akamvuta Fundi pembeni. Walifahamiana vizuri, walikula meza moja kila mchana.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo wako alishapasuliwa hapa, kidole tumbo. Ile dawa ya usingizi nusura imuue. Pumzi ilikata. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Dawa gani?"

Fundi akamtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa. "Mimi nitajua majina ya dawa, jamani? Walisema wameandika kwenye kompyuta."

"Imeandikwa, ndiyo," alisema daktari. "Lakini umeme ulipepesa saa ileile tulipokuwa tunamwandaa, na mfumo haujarudi. Sindano ya mgongoni leo siwezi, damu yake haigandi. Lazima nimlaze kabisa. Na dawa nilizonazo, mojawapo ndiyo ile. Nikibahatisha nikakosea, haamki. Nikisubiri sana, mtoto anafia tumboni." Alimshika bega. "Fundi, niwashie hiyo mashine."

Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Chupa ya chai aliiacha sakafuni.

Korido ya chini ilikuwa tupu. Dobi walikuwa wameshafunga. Mvuke wa sabuni ulikuwa bado unaning'inia. Fundi alifungua chumba cha seva, akawasha taa. Baridi ikampiga usoni. Feni zinavuma. Taa ndogo za kijani zinapepesa. Kiti cha Mzee Taratibu kilikuwa palepale pembeni, kimegeuzwa ukutani kama kilivyoachwa, maana hakuna fundi aliyetaka kukikalia. Akavuta stuli yake, akaketi mbele ya skrini.

Seva yenyewe ilikuwa hai. Kanzidata ndiyo haikuamka.

Akaipa amri ya kuwaka. Ikafikiri... ikafikiri... ikafa.

Akaisoma sababu. Mstari mmoja tu: mwenye huduma hii hajulikani.

"Hajulikani vipi?" alijiuliza kwa sauti. Akampigia mkuu wa kitengo, ambaye wakati huo alikuwa kwake amekaa sebuleni, maana televisheni ilisikika.

"Mkuu, mashine inasema mwenye kanzidata hajulikani."

Televisheni ikazimwa.

"Nililifuta lile jina," mkuu alisema polepole.

"Jina gani?"

"La mzee. Leo mchana. Wakaguzi walikuta marehemu yumo kwenye orodha ya wafanyakazi wa mfumo, wakanijia juu. Nikalifuta."

"Ukamkabidhi nani?"

"Nimkabidhi nani tena, Fundi? Mtu ameshakufa!"

Basi. Kosa likajulikana, na kwa fundi yeyote kosa likishajulikana nusu ya kazi imekwisha. Kanzidata ilikuwa ikiendelea kwa mazoea tu, tangu mchana, haijui kwamba mwenyewe kafutwa. Umeme ulipopepesa ikalala. Ilipotaka kuamka ikamwita mwenyewe, ikamkosa. Akafungua folda zake. Ukimfuta mtu kwenye mashine, vitu vyake havifutiki; vinabaki, ila palipokuwa na jina panabaki namba tupu. Ndivyo ilivyokuwa. Kila faili, namba tupu.

Dawa yake rahisi. Akaandika amri: faili zote ziwe za akaunti ya hospitali. Mashine ikakubali. Akaiwasha kanzidata.

Ikafikiri... ikafa.

Akatazama faili. Namba tupu ileile imerudi.

Akadhani amekosea kuandika. Haraka haina baraka, akajiambia, akaandika upya, herufi kwa herufi. Mashine ikakubali. Akazitazama faili kabla ya kuwasha: zote za hospitali. Vizuri. Akapepesa macho. Akazitazama tena.

Namba tupu.

Hakuna mtu mwingine aliyeingia kwenye mfumo. Alihakikisha. Ni yeye peke yake.

Ndipo akasikia.

Tap... kwaruu.

Mbali, mwanzo wa korido.

"Ni mfagizi," alijisemea. Mfagizi anakokota ndoo, nini tena?

Tap... kwaruu. Tap... kwaruu.

Hatua zilipita mlango wa dobi. Zikaja. Zikasimama nje ya chumba cha seva. Fundi aliutazama ule mlango bila kupumua. Kitasa hakikuzunguka. Mlango haukufunguka. Hakuna kitu.

Lakini harufu ikaingia.

Dawa ya kuchua. Kali, ya kuchoma pua, mbichi kana kwamba imepakwa sasa hivi.

Nyuma yake kitu kikalia kriiii, polepole, kama chuma kinachobeba uzito. Hakutaka kugeuka. Haki ya nani, hakutaka. Lakini shingo iligeuka yenyewe.

Kiti kilikuwa hakitazami ukuta tena.

Kilikuwa kinamtazama yeye.

Kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea katikati.

Fundi alitaka kukimbia. Halafu kibodi ikaanza kuchapa. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa mapajani, na vitufe vilikuwa vinashuka kimoja kimoja, bila pupa, kama alivyochapa siku zote yule mzee aliyesema kazi haina mwisho kwa hiyo usiikimbilie. Maneno yakatokea.

NANI ANAPOKEA?

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa usingizi.

"Fundi, mapigo ya mtoto yanashuka. Umefikia wapi?"

"Nipo... nipo hapa. Nakaribia."

"Karibia upesi. Sina muda wa kukupa."

Akakata. Fundi akajifuta jasho, ndani ya baridi ile. Kulikuwa na njia nyingine, na akili yake ya fundi iliikimbilia: alirudishe jina la marehemu. Aliandike upya kama lilivyokuwa, lipewe namba yake ileile, na kila kitu kingekaa sawa kama jana. Amri moja tu. Akainua mikono, akaandika herufi ya kwanza ya jina la mzee. Ya pili. Ya tatu...

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio.

"Usiniite tena..."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, lakini ilikuwa yake. Angeijua popote.

"Nimechoka, binti yangu. Nimechoka."

Machozi yalimtoka Fundi bila kujijua. Hofu ilikuwapo, tena kubwa, lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na huruma. Kumbe wakati wote ule walipokuwa wakitaniana, mzee wa watu alikuwa hapa. Kila walipoiwasha mashine kwa jina lake, walikuwa wanamwamsha. Na leo mchana wamemfuta kama vumbi, bila hata kumwambia pole na kazi.

"Mzee wangu," alinong'ona, "mdogo wangu anakufa."

Kiti kikalia kriiii.

"Taratibu," ile sauti ikasema. "Mimi nakabidhi. Nani anapokea?"

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa mama yake, na mama hakusema hata haloo. "Mwanangu, wamefunga mlango, hawataki niingie! Nesi analia! Mwanangu, uko wapi?"

Fundi alijua anachokifanya. Asije mtu akasema hakujua. Aliijua sheria ile tangu siku ya kwanza ya kazi, na alijua asiyepokelewa anakuwa nini, maana alikuwa nyuma ya mgongo wake ananuka dawa ya kuchua. Lakini yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, utotoni, mama alipokuwa kibaruani. Alimfundisha kutembea. Akapiga moyo konde. Akaandika amri ile ile, na mahali pa mwenye kanzidata akaweka jina lake kamili.

Kisha akalitamka.

"Nimepokea."

Kitu fulani chumbani kilishusha pumzi ndefu... ndefu kama ya mtu anayetua mzigo aliotoka nao mbali. Mto wa kiti ukajaa polepole. Harufu ikapungua. Na kwenye skrini, kanzidata ikafikiri, ikafikiri...

Ikawaka.

Akalitafuta jina la mdogo wake. Likatokea, na chini yake onyo kwa herufi nyekundu: jina la dawa. Akampigia daktari, akalisoma, akamtajia na herufi zake.

"Nimeipata," daktari alisema. "Mungu akubariki. Ndiyo niliyokuwa nimeishika mkononi."

Fundi alizima taa akatoka. Alipanda ngazi kwa kushikilia ukuta, na hakuelewa kwa nini kila kidato kilimuuma. Alipofika juu, mama yake alimshangaa.

"Mbona unachechemea?"

Fundi alitazama mguu wake. Goti la kulia lilikuwa kama limejaa misumari.

"Nimejigonga," alisema.

Waliketi kwenye benchi, wameshikana mikono. Mama alikuwa anazungumza na Mungu kwa sauti, anamkumbusha ahadi moja moja kama mtu anayemdai jirani. Fundi alikuwa anajaribu kutuliza vidole vyake, maana vilikuwa vinacheza vyenyewe juu ya goti bovu, vinashuka kimoja kimoja, bila pupa.

Halafu mtoto akalia.

Lo! Mama aliruka kutoka kwenye benchi kama msichana. Daktari wa usingizi alitoka ameshika kofia yake mkononi, uso umelowa, anacheka. Mama mzima, mtoto mzima, wa kike, ana mapafu ya tarumbeta. Nesi akamfuata nyuma na kifurushi cheupe.

"Nani ndugu? Haya, nakukabidhi mtoto."

Fundi ndiye aliyekuwa karibu. Akanyoosha mikono. "Nimepokea," alisema, kwa mazoea, macho yakiwa kwenye kile kiuso kidogo kilichokunjamana. Mtoto alikuwa mzito kidogo, wa moto, na alinuka maziwa. Fundi alilia, safari hii kwa furaha tupu, na kwa muda ule mfupi alisahau korido, kiti, na kila kitu.

"Nipe na mimi, jamani!" mama alisema. "Wewe umekuwa bibi tangu lini? Nipe mjukuu wangu."

"Haya, bibi," Fundi alicheka. Akamtia mama yake mtoto mikononi. "Nakukabidhi."

Neno lilikuwa limeshatoka.

Akalisikia likitoka. Akataka kulirudisha. Akanyoosha mkono aufunike mdomo wa mama yake, na mama, aliyekuwa amewasikia manesi siku nzima na kuwaona wanachekesha, akakaza sauti yake kama askari:

"Nimepokea!"

Manesi wakacheka. Daktari akacheka.

Maumivu ya goti yakatoka. Papo hapo. Kama mtu aliyechomoa misumari yote kwa mkupuo. Vidole vya Fundi vikatulia.

"Mama," alinong'ona. "Mama, nirudishie."

"Hebu niache kidogo na mjukuu wangu." Mama alipiga hatua kwenda kwenye benchi, akasita, akakunja uso. "Aa! Goti hili nalo. Limeanza lini?"

Akaenda kuketi. Tap... kwaruu. Tap... kwaruu.

Fundi alikimbilia kompyuta ya meza ya manesi, akaingia kwenye mfumo, akafungua zile folda. Alipoliweka jina lake muda mfupi uliopita, sasa palikuwa na jina la mama yake. Kamili. Majina yote matatu, pamoja na lile la utotoni ambalo halimo kwenye kitambulisho chochote. Mama ambaye hata simu humpa jirani amtafutie namba. Akaandika amri ya kubadilisha. Mashine ikakubali. Akapepesa macho, na jina la mama lilikuwa limerudi.

Usiku ule mdogo wake aliamka salama, akanyonyesha, akalala tena. Wodi ikatulia. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, shuka safi magotini. Fundi alipiga magoti mbele yake sakafuni.

"Mama, nisikilize. Nikabidhi. Sema tu nakukabidhi."

"Nikukabidhi nini, mwanangu?"

"Chochote ulichopokea jioni."

Mama alimtazama. Fundi hakujua kama macho yale yalikuwa ya mtu asiyeelewa, au ya mtu anayeelewa kuliko yeye. Alimpangusa mwanawe machozi kwa kidole gumba, na kidole kile kilinuka dawa ya kuchua.

"Nilipokea mjukuu," mama alisema. "Na mimi nimeshaishi. Kalale."

"Nimepokea," Fundi alisema, analia. "Nimepokea, mama. Nimepokea, nimepokea..." Lakini huwezi kupokea ambacho hujakabidhiwa, na mama yake hakusema neno. Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anatabasamu kidogo.

"Taratibu, mwanangu," alinong'ona. "Taratibu. Utaamsha watoto wa watu."

Mama hakuwahi kukutana na yule mzee, hata siku moja.

Fundi aliishika mikono yote miwili ya mama yake, akaikumbatia kwa nguvu. Chini ya viganja vyake, juu ya shuka, vidole vya mama yake viliendelea kushuka, kimoja kimoja, bila pupa.